Softiwea ya kuchambua DNA kwenye maabara: anza na faili, jina la programu litafuata

Kuna maabara moja niliwahi kufanya kazi, kwenye friza la nyuzi -80 tulikuwa na masanduku ya bakteria wenye plazimidi (vipande vidogo vya DNA vya duara) zilizotengenezwa na watu walioondoka miaka mingi nyuma. Bakteria wenyewe wazima kabisa, ukiwapanda kwenye sahani jioni asubuhi wameota vizuri tu, ila ramani za hizo plazimidi ndo hazifunguki. Zilikuwa zimehifadhiwa ndani ya programu moja ya kulipia, leseni ikaisha, kompyuta iliyokuwa nayo ikafa, na mafaili yenyewe yako kwenye fomati ambayo programu nyingine zote tulizokuwa nazo zilikataa kuyasoma. Tukatumia karibu miezi miwili tunakata kwa enzaimu, tunaangalia jeli, tunasikwensi upya, yaani tunasoma herufi za DNA, kipande kwa kipande, ili tujue kitu ambacho mtu alishakijua na akakiandika. Tangu siku zile mtu akiniuliza softiwea ipi nzuri ya kuchambua DNA simtajii jina kwanza, namuuliza mafaili yako yanatoka kwenye mashine gani, na miaka kumi ijayo nani ataweza kuyafungua?

Najua hilo sio jibu watu wanalotegemea. Mtu anataka jina moja, anunue au apakue, aendelee na kazi zake, na mi namuelewa maana kazi ya mezani peke yake inachosha. Ila hapa ndipo maabara nyingi zinapata hasara kimya kimya, hakuna kengele inayolia siku unayochagua vibaya, unakuja kujua baadae wakati mwanafunzi kashamaliza kaondoka, kompyuta imebadilishwa, na we umebaki na folda limejaa "final", "final_mpya" na "final_mpya_2" na hakuna hata moja inayofunguka.

Sasa tuanze kufungua hili fundo taratibu. Tatizo la kwanza liko kwenye jina lenyewe. Tunasema "kuchambua DNA" kana kwamba ni kazi moja, wakati mtu anayeangalia kromatogramu ya Sanger (mchoro wa vilele vya kipande cha DNA kilichosomwa) ahakikishe kloni yake, yaani nakala ya DNA aliyoitengeneza, haina kosa, mtu anayepanga kuingiza jeni kwenye plazimidi, mtu anayejenga mti wa ukoo wa virusi, na mtu aliyeletewa gigabaiti 200 kutoka kwenye mashine ya Illumina, wote hao wanafanya kazi nne zisizofanana, ila wakikaa kikao kimoja kuchagua softiwea kila mmoja anadhani mwenzake anaongelea kitu kile kile, ndo mana vikao vya namna hii vinaishia kwa yule mwenye sauti kubwa kupata programu yake na wengine watatu kuendelea kuhangaika.

Kama kazi yenu kubwa ni Sanger

Njia ya Sanger ya kusoma DNA ni ya mwaka 1977 na mpaka leo ndo mkate wa kila siku kwa maabara nyingi ndogo. Unatuma sampuli, unarudishiwa ridi moja, yaani kipande kimoja kilichosomwa, ya besi (herufi za DNA) kama 700 hadi 1000, ndani ya faili lenye mkia wa .ab1. Na hapa naomba tuelewane vizuri maana nimeona makosa mengi sana: ndani ya lile faili la .ab1 hakuna herufi tu, kuna vilele vya rangi nne, na herufi ni tafsiri ambayo kompyuta imefanya kutoka kwenye hivyo vilele. Watu wengi wanachukua lile faili jingine la maandishi matupu, wanalimwaga kwenye BLAST, programu ya kutafuta sikwensi zinazofanana, wanapata asilimia 98 ya kufanana alafu wanaanza kutafuta maelezo ya kibaiolojia kwa ile asilimia 2, wakati ni uchafu wa mwanzo na mwisho wa ridi tu. Besi kama 30 za kwanza karibu kila mara ni fujo, na ukishapita 800 hivi vilele vinaanza kunenepa na kulaliana.

Kwahiyo softiwea ya Sanger inapimwa hapo. Je inakuonyesha vilele na herufi pamoja? Inakuonyesha alama ya ubora chini ya kila herufi? Hii alama inaitwa Phred, ilitoka chuo kikuu cha Washington miaka ya 90, na kuisoma ni rahisi: Q20 maana yake uwezekano wa kosa ni 1 kwa 100, Q30 ni 1 kwa 1000, yaani kila ukiongeza 10 kosa linapungua mara kumi. Softiwea inayokata ncha mbovu kwa kufuata hiyo alama itakuokolea masaa, ile inayokulazimisha kukata kwa macho itakufanya ukate leo hapa na kesho pale. Alafu kuna vilele viwili mahali pamoja, kwa mfano mtu ana C kwenye kromosomu moja na T kwenye nyingine, hapo herufi sahihi ni Y, programu nyingine itachagua kimoja kimyakimya ikuandikie C, na wewe umeshapoteza jibu ulilokuwa unalitafuta.

Kwa kutazama tu huhitaji kulipa hata senti. FinchTV, Chromas ya kutazamia, 4Peaks kwa wenye Mac, SnapGene Viewer, zote zinafungua .ab1 bure. Kulipa kunaanza kuwa na maana pale mnapounganisha ridi nyingi, mfano jeni ya 16S ya bakteria ina besi kama 1500, ridi moja haitoshi, lazima uwe na ya mbele na ya nyuma ziunganishwe zipate sikwensi moja, na kwenye eneo zinapopishana uweze kuona nani anasema kweli kwa kuangalia vilele vya pande zote mbili. Hii Geneious inafanya vizuri, Sequencher inafanya vizuri, na UGENE ambayo ni bure nayo inafanya, ingawa utakaa nayo siku mbili tatu kabla hujaizoea. Ukiwa na sampuli nne kwa wiki UGENE inatosha kabisa. Ukiwa na sahani za visima 96 mfululizo basi jiulize kama programu inaweza kushughulikia mafaili kwa mkupuo na kuyapanga kwa majina, maana kufungua faili moja moja mara 96 ndo pale mtu anapochoka akaanza kuruka.

Kitu kingine hapo hapo, kama mnafanya CRISPR (mbinu ya kuhariri jeni) na mnataka kujua asilimia ngapi ya seli zimebadilika kwa kutumia Sanger, msiende kutafuta kitufe hicho kwenye programu kubwa. Kuna vitu vidogo vya mtandaoni, TIDE na ICE, vimetengenezwa kwa kazi hiyo moja ya kuchambua vilele vilivyochanganyika na vinaifanya vizuri.

Upande wa plazimidi na praima, hapa ndo pana mitego

Hapa majina utayasikia sana ni SnapGene, Benchling, Geneious na ApE. ApE imetoka chuo kikuu cha Utah, ni bure, inaonekana ya kizamani ila inafanya kazi kwa uaminifu mkubwa. Benchling inaishi kwenye brauza na ni bure kwa watu wa vyuo na taasisi za utafiti. SnapGene ni ya kulipia na kwa maoni yangu ndo inachora ramani nzuri kupita zote. Lakini usichague kwa uzuri wa picha, chagua kwa vitu vidogo ambavyo vikikosewa unapoteza wiki nzima mezani.

Mfano wa kwanza, metili, kikundi kidogo cha kemikali kinachobandikwa kwenye DNA. Enzaimu XbaI inakata TCTAGA. Sawa. Sasa ikitokea baada ya hizo herufi zinafuata TC, pale unapata GATC ndani yake, na E. coli (bakteria wa maabara) wa kawaida wana enzaimu inaitwa Dam ambayo inaweka metili kwenye kila GATC, na XbaI ikikuta hiyo metili haikati. BclI ndo kabisa, sehemu yake ya kukata ni TGATCA, GATC iko ndani mwake siku zote, kwahiyo plazimidi ikitoka kwa E. coli wa kawaida haikatiki. Programu isiyojua habari ya metili itakuambia kwa furaha kabisa "hapa panakatika", utakata, utaona jeli halina kitu, utalaumu enzaimu, utaagiza nyingine, utalaumu bafa (ule mchanganyiko wa chumvi), kumbe ulitakiwa tu kuikuza plazimidi kwenye E. coli asiye na Dam. SnapGene inakuwekea alama ya tahadhari. Kabla hujaamua programu yoyote ipe plazimidi yenye XbaI ya namna hiyo uone itasemaje.

Mfano wa pili ni ile Tm, joto la kuyeyuka la praima, vile vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili. Chukua praima moja ile ile uiweke kwenye programu tatu, utapata namba tatu, na tofauti inaweza kufika nyuzi kadhaa. Watu wakiona hivyo wanasema programu fulani ni mbovu. Hapana. Tm inategemea jedwali gani la nishati limetumika, la mwaka 1986 au lile la SantaLucia la 1998, inategemea chumvi kiasi gani, magnesiamu kiasi gani, praima yenyewe iko kwa wingi gani, na kila programu ina makisio yake iliyojiwekea kuhusu hayo yote. Hivyo programu nzuri ni ile inayokuruhusu kufungua mipangilio na kuandika bafa yako wewe, na maabara nzima ikakubaliana mipangilio hiyo iwe moja. Na kwa zile polimeresi (enzaimu za kunakili DNA) za usahihi wa juu tumia kikokotoo cha kampuni iliyotengeneza polimeresi yenyewe, maana bafa yao wao ndo wanaijua.

Mfano wa tatu ni mdogo ila unaumiza. Plazimidi ni duara, lakini faili ni mstari, kwahiyo kuna mahali besi namba 1 inakutana na besi ya mwisho. Jeni ikiwa imepita juu ya hapo, programu dhaifu inaikata vipande viwili au haioni sehemu ya enzaimu iliyoko kwenye maungio. Hilo pia lipime.

Na sasa nirudi kwenye yale masanduku ya friza, maana hili la plazimidi ndo linaishi muda mrefu kupita kila kitu kingine mnachofanya. Programu za DNA zinabadilisha wenyewe. Vector NTI ilianzia kwa kampuni ya InforMax, 2002 ikaenda Invitrogen, Invitrogen ikawa sehemu ya Life Technologies 2008, Life Technologies ikanunuliwa na Thermo Fisher 2014, na mwisho programu yenyewe ikaachwa kabisa, na ilikuwa programu ambayo maabara nyingi sana duniani zilikuwa zinaitegemea. SnapGene na Geneious zilianza kama kampuni mbili tofauti, leo zote ziko chini ya kampuni moja, Dotmatics. Sisemi hii ni mbaya, biashara ndo zilivyo, nasema tu kwamba maisha ya kloni yako kwenye friza ni marefu kuliko maisha ya kampuni iliyokuuzia programu.

Kwahiyo kila plazimidi iliyokamilika itolewe kwenye fomati ya GenBank na iwekwe pembeni, nje ya programu. GenBank ni maandishi matupu, hata ukiifungua kwa programu ya kuandikia barua utaona herufi, majina ya jeni na inaanzia wapi inaishia wapi. Usidanganyike kutoa FASTA ukadhani umehifadhi ramani, FASTA inabeba jina na herufi tu, promota (swichi ya jeni), jeni ya ukinzani wa dawa, sehemu ulizoziwekea alama kwa mikono yako, vyote vinaachwa. Nimeona mtu amehamisha mkusanyiko mzima wa maabara kwa FASTA, akafuta wa zamani.

Kulinganisha sikwensi na miti ya ukoo

Hapa sitakaa sana, maana uamuzi ni mwepesi. Kazi yenyewe ya kupanga sikwensi sambamba inafanywa na injini chache zinazojulikana, Clustal ya kwanza ni 1988, MAFFT 2002, MUSCLE 2004, zote bure, na ukinunua programu kubwa ya kulipia ukaifungua ndani utazikuta ni hizo hizo. Yaani unalipia vitufe, mpangilio mzuri na mtu wa kumuuliza ukikwama, haulipii hesabu bora zaidi. Hilo sio kosa, vitufe vizuri vina thamani yake kwa mtu ambaye hana muda, ila mtu asikuambie jibu litakuwa sahihi zaidi kwa sababu umelipa. Kwa miti, MEGA ipo tangu 1993, ni bure na inafaa sana kujifunzia na kazi za kawaida, mti ukiwa mkubwa au mnataka kuchapisha jambo zito basi IQ-TREE au RAxML.

Kuhusu BioEdit, najua wengi mnaipenda, hata mi nilijifunzia humo. Lakini ni ya Windows tu na imekaa miaka mingi bila kuendelezwa. Kuangalia haraka haraka sawa. Kumfundishia mwanafunzi mpya leo, hapana, mnampa kitu ambacho siku Windows ikibadilika kitu kidogo tu ameachwa njiani.

Mkianza kuletewa gigabaiti

Sasa huku ni dunia nyingine na ndo pesa nyingi zinapotea. Illumina inakupa mamilioni ya ridi fupi, besi 50 hadi 300 kila moja. Nanopore inakupa ridi ndefu za maelfu, hata makumi ya maelfu ya besi. Faili linaitwa FASTQ, herufi pamoja na ile alama ya Phred ya kila herufi. Watu wanaona neno "DNA" kwenye tangazo la programu waliyonayo wanadhani itafungua tu, wanabofya mara mbili, kompyuta inaganda.

Kitu cha kuangalia kwanza huku ni jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe, ina ukubwa gani. Bakteria wa besi milioni 5, laptopu ya kawaida inaweza, kahawa moja umemaliza. Binadamu ni besi bilioni 3.1, hapo mambo yanabadilika kabisa. Programu ya STAR inayopanga ridi za RNA kwenye jenomu ya binadamu inataka RAM kama gigabaiti 30 peke yake, na jenomu nzima ya mtu mmoja iliyosomwa vizuri inakula makumi ya gigabaiti za diski kabla hujafanya uchambuzi wowote, alafu kila hatua inazaa faili lake. Nanopore nayo ina la kwake, ule umeme mbichi unaotoka kwenye mashine lazima ugeuzwe kuwa herufi na programu yao ya Dorado, na hiyo bila kadi ya GPU ya nguvu utasubiri mpaka uchoke.

Kwa hiyo kabla hamjalipia leseni ya CLC au nyingine yoyote ya namna hiyo, jibuni hivi: nani atakaa nayo? Maana programu za msingi za kazi hii, BWA, minimap2, samtools, GATK, IGV ya kutazama matokeo, zote zinapatikana bure, kinachokosekana ni mtu anayeweza kukaa kwenye terminali, lile dirisha jeusi la kuandika amri, akaziunganisha. Kama mna mtu huyo au mna kijana anayetaka kujifunza, wekeni pesa kwake na kwenye diski za kuhifadhia, hilo nalisema bila kusita. Kama hamna na hamtakuwa naye karibuni, basi Galaxy ni mkombozi, inafanya kazi kwenye brauza, programu zile zile zimewekewa vitufe, kompyuta inayochemka ni ya kwao sio yenu, na inakumbuka kila hatua uliyopita na mipangilio uliyoweka kiasi kwamba unaweza kumpa mwenzako mtiririko mzima akaurudia. Hilo la kukumbuka hatua ndo programu nyingi za kulipia bado zinafanya nusu nusu.

Alafu kuna mitego miwili ya namba ambayo hakuna softiwea itakayokuokoa nayo kama hujui ipo. Jenomu ya rejea ya binadamu ina matoleo, GRCh37 ni ya 2009, GRCh38 ni ya 2013, na namba ya mahali pa badiliko kwenye moja sio namba ile ile kwenye nyingine. Mkichanganya ripoti za matoleo mawili mtasema mgonjwa ana badiliko kwenye jeni ambayo hata haipo hapo. Ya pili, mafaili ya BED (orodha ya maeneo kwenye jenomu) yanaanza kuhesabu kwenye 0, ya VCF (orodha ya mabadiliko) yanaanza kwenye 1, ukihamisha namba kwa mkono kutoka moja kwenda nyingine umekosea kwa besi moja, na kwenye protini besi moja ni kitu kikubwa sana.

Na jamani, matokeo yakishatoka msiyapitishe kwenye Excel bila uangalifu. Excel inageuza majina ya jeni kuwa tarehe, MARCH1 na SEPT2 zilisumbua watu miaka mpaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikaamua kubadilisha majina yenyewe, leo ni MARCHF1 na SEPTIN2. Data za zamani bado zina majina ya zamani, kwahiyo tatizo halijaisha.

Data inalala wapi, na leseni ikiisha inakuwaje

Programu za klaudi ni tamu, mnaona kazi za kila mmoja, hakuna bakapu ya kukumbuka, ukibadilisha kompyuta unaingia tu na kuendelea. Kwa plazimidi za kawaida sina tatizo nazo kabisa. Lakini DNA ya mgonjwa ni habari nyingine. Ukifuta jina kwenye faili hujafuta mtu, sikwensi yenyewe ndo utambulisho wake, na wa ndugu zake pia. Kwahiyo kabla ya kupandisha data ya watu popote someni fomu ya ridhaa waliyosaini ilisema nini, ulizeni kamati ya maadili, ulizeni seva iko nchi gani na nani ana ufunguo. Kama mnafanya kazi inayotarajiwa kuombewa hati miliki vilevile. Na swali dogo la kawaida tu, intaneti ikikatika siku nzima, kuna mtu ataweza kufungua ramani ya plazimidi anayoikata asubuhi hiyo?

Leseni nazo zina aina. Kuna ya kiti kimoja inayofungwa kwenye kompyuta moja, ikifa mnaanza kuandikiana barua. Kuna ya kuzunguka, watu kumi wanaweza kuwa na programu ila wawili tu ndo wanaitumia kwa wakati mmoja, na kwa maabara ya kawaida hii ndo inalipa maana si kweli kwamba wote mnabuni praima saa nne asubuhi. Na kuna ya kulipia kila mwaka dhidi ya ya kununua moja kwa moja. Ya kila mwaka naiogopa kwa maabara inayoishi kwa ruzuku, ruzuku ikiisha mnabaki na nini? Muulize muuzaji waziwazi, leseni ikiisha naweza bado kufungua na kutoa mafaili yangu? SnapGene wana Viewer ya bure inayofungua mafaili yao, Geneious ikiisha leseni inabaki katika hali ya vizuizi lakini data unaiona. Muuzaji akianza kuzunguka zunguka kwenye hilo swali, jibu umeshalipata.

Maabara zinazotoa majibu kwa wagonjwa zina sheria nyingine juu ya hayo yote. Chini ya ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha maabara za tiba, softiwea inahesabika kama kifaa kingine chochote, lazima ithibitishwe kabla ya kutumika, toleo lake liandikwe, na kila aliyebadilisha kitu ajulikane. Huko apdeti ya kubofya tu "ndiyo" hairuhusiwi, toleo linafungwa mpaka lipimwe upya. Wa utafiti hawabanwi hivyo ila nao waandike toleo na tarehe, hasa kwa BLAST ambayo hifadhidata yake inakua kila wakati, jibu la leo na la mwaka kesho kwa sikwensi ile ile yanaweza kutofautiana na yote mawili yakawa sahihi kwa siku yake.

Ukiniuliza mi sasa, maabara ndogo ya Sanger na kloni ningeianzishia vitu vya bure, ApE au Benchling kwa ramani, UGENE kwa kuunganisha ridi, MEGA kwa miti, na wasinunue chochote mpaka wataje kwa mdomo wao kitu kimoja kinachowakwamisha kila wiki. Maabara ya watu wengi wanaobadilika badilika, wanafunzi wanaingia na kutoka, na hakuna mtu wa kompyuta, hapo leseni moja au mbili za kuzunguka za programu kubwa kama Geneious zinajilipa zenyewe, kwa sababu muda wa kufundisha kila mgeni programu tano ni gharama ambayo haiandikwi popote.

Karibu zote za kulipia zina kipindi cha majaribio, kwahiyo hakuna sababu ya kununua mbuzi kwenye gunia. Ila msijaribu kwa mafaili ya mfano wanayokuja nayo, yale yamechaguliwa yapendeze. Tengenezeni folda lenu la mafaili mabaya ambayo majibu yake mnayajua: ridi ya Sanger yenye vilele viwili, nyingine iliyokufa kwenye besi 300, plazimidi yenye jeni iliyopita kwenye maungio, ile XbaI yenye metili, praima ambayo mezani mnajua inashika kwenye nyuzi ngapi, na FASTQ moja kubwa kiasi. Mkalisheni mtu mgeni kuliko wote hapo maabara, sio yule mtaalamu wenu, mtaalamu atapita hata kwenye programu mbovu kwa uzoefu wake. Kaeni kimya mumwangalie anakwama wapi. Na siku ya mwisho ya majaribio toeni kila kitu kilichofanyika humo, GenBank, FASTA, jedwali, pelekeni kwenye kompyuta nyingine isiyo na hiyo programu, fungueni kwa ApE au UGENE, muangalie jeni zote bado zina majina na bado zinaanzia pale zilipokuwa zinaanzia.